Profoma ya gereji imekutisha? Pima kwanza, kisha ndipo ukubali matengenezo makubwa

Profoma kubwa, yaani makadirio ya bei ya matengenezo, kwa kawaida inataja kitu kimoja kizito: injini, gia boksi, stelingi reki, pampu ya dizeli au kompyuta ya gari. Shida ni kwamba mara nyingi bei hiyo imeandikwa kabla ya kipimo chochote kufanyika. Fundi amesikia mlio, ameona moshi, amekisia. Kisio lake linaweza kuwa sahihi, lakini anayelipia likikosea ni wewe. Swali la kumuuliza kila mara, bila ukali, ni hili: "Umepima nini, na kipimo kimesoma ngapi?"

1. Zuia ubovu usizae ubovu

Matengenezo mengi ya bei mbaya yalianza kama ubovu mdogo ulioendeshwa kilomita kadhaa zaidi.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa njiani, kaa pembeni na uzime injini palepale. Krankshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, haigusani na beringi zake. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili yenye presha. Presha ikikatika, chuma kinakula chuma, na kazi ambayo ingekuwa ya kuongeza oili au kubadilisha swichi ya presha inageuka ovahoo, yaani kufungua injini yote na kuijenga upya. Pima kwa kijiti. Hata kijiti kikionyesha oili ipo, usiwashe tena hadi presha ipimwe kwa geji ya mkono inayofungwa mahali pa swichi. Hapo ndipo utajua kama pampu imechoka au ni swichi tu inayodanganya.

Gari likianza kuchemsha, zima AC, fungua hita hadi mwisho ili ivute joto, tafuta mahali salama usimame, kisha uzime. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka injini ipoe kabisa. Kuna hila moja ya geji ambayo imeua injini nyingi: sensa ya joto imetengenezwa kupima maji, hivyo maji yakiisha yote inabaki hewani, na mshale unaweza kushuka wakati hedi, yaani kichwa cha injini, inaungua. Mshale uliopanda ukashuka ghafla wenyewe si habari njema. Simama.

Taa ya injini inayowaka tu bila kukatika inakuruhusu kufika gereji taratibu. Inayopepesa ni jambo jingine: silinda inamisi (haiunguzi mafuta sawasawa), petroli isiyoungua inasukumwa kwenye ekzosi na kwenda kuungulia ndani ya masega, yaani katalitiki inayosafisha moshi. Koili moja mbovu, spea ndogo inayopeleka umeme kwenye plagi, ikiachwa hivyo inayeyusha masega, na masega ni miongoni mwa spea ghali kabisa za gari.

Kama gari linavutwa, fahamu aina yake. Automatiki ya kawaida huzungusha pampu yake ya mafuta kwa nguvu ya injini. Ukilivuta injini imezimwa na magurudumu yanayoendeshwa yako chini, gia boksi inazunguka bila mafuta. Gari linalovuta magurudumu yote manne lipakiwe juu ya gari la kubebea.

2. Mpe fundi dalili, usimpe hukumu

Ukiingia gereji na kusema "nibadilishie gia boksi", utabadilishiwa gia boksi, na ubovu ukibaki palepale huna la kudai. Andika dalili kwenye karatasi: linafanya hivyo likiwa baridi au moto, spidi ngapi, gia ya ngapi, ukipinda kushoto au kulia, ukikanyaga breki au mafuta, tangu lini, na nini kilifanyiwa kazi muda mfupi kabla ya hapo. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Plagi ya waya iliyosahaulika baada ya sevisi hufanana sana na sensa iliyokufa.

Kisha fundi apande nawe mwendeshe. Mngurumo wa beringi ya gurudumu, kwa mfano, hupanda na spidi na hubadilika ukipinda: ukipinda kulia uzito unahamia kushoto, na mngurumo ukizidi hapo, anza kutazama beringi ya kushoto. Dakika kumi barabarani zinaweza kuondoa difu na gia boksi kwenye orodha ya washukiwa.

3. Lipia kipimo peke yake

Hapa ndipo pesa inapookolewa, kwa hiyo tutakaa kidogo. Kubaliana na fundi bei ya upimaji, mbali na matengenezo, na umwambie wazi kwamba hakuna spea itakayofunguliwa kabla hamjazungumza. Anayepima bure anategemea kurudisha muda wake kwenye spea atakazokuuzia.

*Kompyuta.* Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu modeli za 1996, na Ulaya tangu 2001, yana soketi ya OBD2 (ya kusomea kompyuta ya gari) yenye pini 16, kwa kawaida chini ya dashibodi upande wa dereva. Kifaa kidogo cha kusoma misimbo ni rahisi kununua na kinafaa kuwa chako mwenyewe. Lakini msimbo hautaji spea iliyokufa. Unataja kipimo kilichotoka nje ya kiwango. Tazama mitatu inayokutana sana na wenye magari:

P0171 unasema mchanganyiko una hewa nyingi au mafuta machache. Wengi hukimbilia sensa ya oksijeni, wakati sensa hiyo ndiyo iliyoripoti tatizo kwa uaminifu. Tafuta kwanza hosi ya vakyumu iliyopasuka, gasketi ya manifoldi inayovuta hewa, sensa ya hewa iliyochafuka, kisha presha ya pampu ya petroli.

P0301 unasema silinda ya kwanza inamisi. Hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya pili, futa msimbo, endesha. Ukirudi kama P0302, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0301, fanya hivyohivyo kwa plagi, kisha nozeli inayopulizia mafuta, kisha pima kompresheni, yaani presha inayojengwa ndani ya silinda. Jaribio hilo halina gharama ya spea hata moja.

P0420 unasema masega hayafanyi kazi ya kutosha. Kabla ya kuyanunua, hakikisha ekzosi haivuji karibu na sensa na injini haili oili wala haimisi. Masega mapya kwenye injini inayokula oili yatakufa kama ya zamani.

Misimbo yote iandikwe au ipigwe picha kabla ya kufutwa, pamoja na taarifa zilizogandishwa wakati hitilafu ilipotokea: joto la injini, spidi, mzunguko. Fundi anayefuta kwanza amefuta ushahidi.

*Umeme.* Betri iliyojaa na kupumzika inasoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 iko karibu nusu. Injini ikiwaka, alternata inapaswa kutoa kati ya 13.8 na 14.5, ingawa magari mapya yenye chaji ya kompyuta hupandisha na kushusha. Wakati wa kupiga stata, betri isishuke chini ya 9.6. Kabla ya kununua stata au alternata, weka mita kati ya kichwa cha hasi cha betri na bloku ya injini wakati stata inazunguka: ikisoma zaidi ya nusu volti, ubovu ni waya au kutu kwenye kiungo, na dawa yake ni msasa na spana. Betri inayolala usiku mzima na kuamka imekufa ipimwe mkondo unaovuja gari likiwa limezimwa. Zaidi ya miliampea 50, baada ya kompyuta zote kulala, ni nyingi. Ngoja nusu saa kabla ya kuamini namba, kwa sababu baadhi ya moduli huchelewa kulala.

*Injini.* Mtu akisema "injini imekufa, tafuta nyingine", omba kompresheni ya kila silinda kwa maandishi. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti baina ya silinda. Ikizidi takriban asilimia 10 hadi 15 kuna jambo. Silinda iliyo chini itiwe kijiko kimoja cha oili na kupimwa tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, valvu au gasketi ya hedi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Kipimo cha pili, cha kusukuma hewa ndani ya silinda, kinaeleza zaidi: hewa ikisikika kwenye sailensa ni valvu ya ekzosi, kwenye mdomo wa hewa ni valvu ya inteki, kwenye mdomo wa oili ni ringi, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi au hedi iliyopasuka. Injini moja inaweza kudaiwa ovahoo na ikapona kwa valvu moja.

Kwa gari linalopoteza maji bila tone chini, kuna dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Gesi ya injini ya petroli ikipita humo inageuka njano. Lakini anza na mfuniko wa rejeta. Presha yake imeandikwa juu yake, mara nyingi takriban bar 0.9 au 1.1, na springi ikilegea maji huchemka mapema na kumwagika. Utelezi wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili pekee hautoshi kuhukumu gasketi: safari fupi kwenye baridi huleta unyevu huo. Angalia kijiti. Oili ya maziwa kwenye kijiti ndiyo ya kuogopa.

*Gia boksi ya automatiki.* Kabla ya neno "ovahoo", pima kiwango cha mafuta kwa utaratibu wa gari hilo, maana mengi hupimwa yakiwa na joto maalumu na injini ikiwaka. Mafuta meusi yenye harufu ya kuungua ni ishara mbaya. Fungua sinia la chini: ukungu laini wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida, vipande vinavyochoma kidole si vya kawaida. Ikiwa sumaku ni safi na gia zinachelewa au kupiga, solenoidi, wayaringi au valvu bodi huenda ndiyo kazi yote. Kwa CVT, automatiki inayotumia mkanda badala ya gia, mafuta yasiyo yake yanatosha kuiua, basi uliza ni yapi yaliwekwa mara ya mwisho.

*Nozeli za dizeli.* Usinunue zote nne kwa sababu moja inashukiwa. Hosi za kurudisha mafuta zielekezwe kwenye chupa nne ndogo zinazoonyesha ndani, injini iwake dakika chache. Chupa inayojaa kupita wenzake inaonyesha nozeli inayovuja. Mpya ikifungwa, kwenye magari mengi ya komoni reli (dizeli za kisasa zenye nozeli zinazoendeshwa na kompyuta) msimbo wake lazima uingizwe kwenye kompyuta, la sivyo injini itagonga na utaambiwa nozeli ni feki.

4. Profoma iwe mstari kwa mstari

Kataa profoma ya mstari mmoja. Inayofaa ina jina la kila spea, namba yake, kama ni jenuini, ya kampuni nyingine au iliyotumika. Gharama ya ufundi peke yake. Oili, kulanti, gasketi na bolti. Muda wa waranti kwa spea na kwa ufundi. Na kiwango cha juu ambacho hakitavukwa bila ruhusa yako ya maandishi. Ongeza sharti moja: spea za zamani zote urudishiwe. Spea ya zamani mkononi mwako ni uthibitisho kwamba mpya imefungwa, na ni kitu cha kumwonyesha fundi mwingine.

Ukiwa na karatasi hiyo pamoja na vipimo, ipeleke kwa fundi wa pili, hasa kwa injini na gia boksi. Usimwambie wa kwanza alidai kiasi gani. Mpe dalili na namba tu.

5. Angalia kama kuna mwingine wa kulipa

Namba ya chasi yenye herufi na tarakimu 17 ndiyo ufunguo. Iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji au mpigie wakala wake uulize mambo mawili: kama gari limeitwa kwa marekebisho ya usalama, na kama ubovu huo una waranti iliyorefushwa. Wito wa usalama kwa kawaida hutengenezwa bila malipo hata kama gari ni mtumba. Gari lililotoka kwenye waranti karibuni, likiwa na kumbukumbu kamili za sevisi, linaweza kuombewa msaada wa mtengenezaji. Barua fupi yenye tarehe na kilomita hufanya kazi kuliko malalamiko. Bima, kwa upande wake, hulipa ajali na matukio, si uchakavu. Lakini injini iliyoingiwa na maji ya mafuriko au wayaringi uliotafunwa na panya huweza kuwa ndani ya bima kubwa, basi soma kabla ya kulipa.

6. Chagua spea kwa kazi yake

Jenuini kwa kila kitu ni kupoteza, na rahisi kwa kila kitu ni kulipa mara mbili. Watengenezaji wa magari hawatengenezi spea zote. Denso, Aisin, Bosch, ZF na wenzao huzitengeneza, na spea ileile ikiwa kwenye boksi la kampuni hiyo huwa nafuu kuliko ikiwa na nembo ya gari. Kariri namba ya spea, si jina lake.

Vya kununua bora bila kubishana: mkanda wa taimingi na tenshona zake, pampu ya maji, sili za krankshafti, gasketi ya hedi, sensa za krankshafti na kamshafti, pedi za breki, boljointi. Vinavyofaa vikiwa vimetumika: milango, taa, vioo, rimu, rejeta iliyopimwa presha, stelingi reki yenye waranti, gia boksi au injini kamili kutoka gari lenye kilomita zinazothibitika. Vya kutonunua vikiwa vimetumika hata ukipewa nafuu: mikanda, pedi, mifuko ya hewa, mikanda ya usalama.

Kabla ya kubadilisha kifaa kizima, uliza kama kinafunguka. Alternata nyingi hufa kwa kaboni au regyuleta. Stata hufa kwa kopa za solenoidi. Kompyuta ya gari iliyodaiwa imeungua mara nyingi ina kapasita iliyovimba au kiungo kilicholegea, na fundi wa elektroniki huirudisha bila kuhitaji kuprogramu nyingine.

Ukileta spea mwenyewe, jua kwamba ikifa, fundi atasema ni spea na duka litasema ni ufungaji. Kwa kazi ambayo ufundi wake ni mwingi, kama klachi, ni busara spea itoke kwa fundi huyohuyo hata ikizidi bei kidogo.

7. Nini kiende pamoja, nini kisubiri

Gharama ya ufundi hulipwa kwa kufungua. Gia boksi ikishushwa kwa ajili ya klachi, badilisha kwa pamoja sahani, presha pleti, beringi ya klachi na sili ya nyuma ya krankshafti. Mkanda wa taimingi ukifunguliwa, pampu ya maji na tenshona zitoke nao. Hedi ikishuka, ipelekwe kupimwa unyoofu na mipasuko; injini nyingi hazivumilii kupinda zaidi ya milimita 0.05 hadi 0.1, na gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itaungua tena. Bolti za hedi katika injini nyingi za kisasa hurefuka zikikazwa na hazirudiwi. Kuziokoa hizo si akiba.

Pesa ikiwa haitoshi, panga hivi: kwanza breki, stelingi, matairi na boljointi. Pili, vinavyoua vingine: kuvuja kwa oili na maji, mkanda wa taimingi uliopitiliza, kumisi. Mkanda huo hubadilishwa kati ya kilomita 60,000 na 160,000 kutegemea gari, au kwa miaka hata kilomita zikiwa chache. Katika injini ambazo valvu hugongana na pistoni, ukikatika valvu zinapinda palepale. AC, kioo cha umeme, mlio wa bushi na rangi vinaweza kungoja. Usikubali pedi zibadilishwe kwa hofu: zikiwa juu ya milimita 3 zina maisha, na unene wa chini wa diski umeandikwa kwenye diski yenyewe.

Njia za mkato zinazorudi kwa gharama: unga wa kuziba rejeta, ambao huziba pia mirija ya hita; kung'oa thamostati, injini ikakosa joto lake na kula mafuta; maji matupu mahali pa kulanti, kutu ikala pampu.

8. Tengeneza au uza

Usilinganishe gharama na bei uliyonunulia gari, wala na ulichotumia mwaka jana. Pesa hiyo imekwenda. Linganisha namba tatu: thamani ya gari likiwa bovu, thamani likiwa zima, na gharama. Kama zima ni 100 na bovu ni 40, matengenezo ya 35 yanalipa, ya 80 hayalipi kwa hesabu ya kuuza. Lakini gari la kuendelea kutumia lina hesabu nyingine: andika kila kitu kitakachohitajika ndani ya miezi 12 ijayo, matairi na mkanda vikiwemo, na ulinganishe jumla hiyo na gharama kamili ya kupata gari jingine, ambalo nalo lina ubovu wake usioujua.

Kutu kwenye chasi au kwenye viungo vya saspensheni ndiyo inayofunga mjadala. Injini hubadilishwa. Bodi iliyooza haina mwisho.

9. Siku ya kuchukua gari

Nenda mchana. Pokea spea za zamani na uzilinganishe na orodha. Endesha na fundi kwenye hali ileile iliyoonyesha dalili: kama ilitokea likiwa moto, liendeshe hadi lipate moto. Soma misimbo kwa kifaa chako. Baada ya kufutwa, vipimo vya ndani vya kompyuta huhitaji safari kadhaa kukamilika, hivyo taa iliyozimika asubuhi hiyo haijathibitisha kitu. Risiti iandikwe kilomita, namba za spea na waranti, kisha lipa salio.

Baada ya kazi ya maji au hedi, angalia kulanti kila asubuhi injini ikiwa baridi kwa wiki ya kwanza. Kushuka kidogo mara moja ni hewa iliyotoka, kushuka kila siku ni kurudi gereji. Baada ya gurudumu lolote kufunguliwa, nati zikazwe tena kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, ukifika kilomita 50 hadi 100. Baada ya ovahoo, oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa kawaida ndani ya kilomita 500 hadi 1,000, na filta ikatwe na kufunguliwa: chembe zinazong'aa humo zionyeshwe kwa fundi wakati waranti bado ipo.